Kila Anayesema ni Naseeb

Mwatumu binti Jumbe alijifunza kusoma mara tatu katika maisha yake, na hii ya tatu ndiyo iliyomtia mashakani. Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, Ngamiani, Tanga, kwa maalim mwenye mkono mwepesi: alif kwa kijiti, be kwa kofi. Mara ya pili ilikuwa shule ya msingi, herufi za chaki ubaoni na watoto wanaimba kwa pamoja. Masomo hayo mawili yaliingia yakakaa mahali pake kama vyombo kabatini. Ukivitaka unafungua mlango, usipovitaka havikusumbui. Mara ya tatu alikuwa mtu mzima, mama wa mtoto, kwenye kaunta ya duka la spea za magari huko Rosettenville, na mwalimu wake alikuwa mumewe.

Naseeb alikwenda Japani kijana, akafanya kazi kwenye yadi ya kuchinja magari, akarudi na lugha yao na mgongo mbovu. Alipohamia jiji la Jozi, kusini mwa Afrika, akafungua duka la injini na giaboksi zilizokwisha kutumika. Mzigo ulikuja umefungwa kwa magazeti ya Kijapani, na wachinjaji walikuwa wameandika juu ya chuma kwa rangi nyeupe, hii ya kushoto, hii ya kulia, hii ina ufa. Biashara ikilala, Naseeb alikuwa ananyoosha gazeti moja juu ya kaunta, anafuta grisi kwa kiganja, halafu anamwita mkewe. Alimwambia kwamba zile alama ndogo si herufi kama zetu. Kila moja ni kipande kizima cha sauti, ka, ki, ku, na ukishazijua unaweza kusoma neno hata kama hujui lina maana gani.

"Hawa jamaa ni Waswahili wasiojijua," alikuwa akisema. "Sikiliza maneno yao yanavyoisha. Wanaweza kuandika Tanga nzima kwa alama hizi, na ng'ombe wake."

Alifundisha kwa mahadhi, kama maalim, ila badala ya kijiti alishika spana na kuigonga kwenye kaunta kwa kila alama. Ka, ki, ku, ke, ko, spana mara tano. Mtoto wao Saida alikuwa chini ya kaunta juu ya boksi la taa, anafanya kazi za shule, na mara nyingi alilala pale pale kwa mdundo ule. Kulikuwa na mstari mmoja uliomchekesha Mwatumu kila siku: ta, chi, tsu, te, to. Wajapani hawana "tu" yetu. Wana "tsu", kama mtu anayefukuza kuku kwa adabu. Naseeb akaligeuza jina la mkewe likawa Muwatsumu, kwanza kwa mzaha, kisha likamkaa mdomoni. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Basi alisoma. Akamaliza zile ndogo, akaanza na zile kubwa zinazobeba maana badala ya sauti: mvua, moto, mti, mdomo. Na hapo ndipo jambo lilipoanza, ingawa wakati ule lilikuwa dogo na halikumtisha mtu. Aliona kwamba watu wakisema naye, maneno yao yanakatika vipande, na kila kipande kinakuja na alama yake, mbele ya macho, kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Mteja akisema "matairi", alama zinashuka moja baada ya moja. Akisema "mvua", ile kubwa ya mvua inakuja kimya na matone yake manne. Kidole chake cha shahada kikaanza kuandika chenyewe juu ya paja, juu ya kanga. Alimwambia Naseeb, na Naseeb akacheka mpaka akashika mgongo.

"Mbona ndivyo walivyo wenyewe? Mtu kule akikutajia jina lake, anakuandikia kwenye kiganja kwa kidole, ndipo unamsikia. Umekuwa Mjapani, Muwatsumu. Kesho utanidai wali bila nazi."

Alikufa mwaka juzi, Ijumaa, Fordsburg, nje ya msikiti, bado hajavaa viatu. Moyo. Watu walipomzunguka, mmoja kati yao aliondoka na simu yake. Sauti yake haikubaki popote. Hakupenda kujirekodi, alisema sauti si samaki wa kuweka kwenye kopo, na kila alipotumiwa ujumbe wa sauti alijibu kwa maandishi. Hili Mwatumu alikuja kulifahamu ndani ya eda, akipekua simu yake mwenyewe asubuhi moja, akarudia, akarudia tena. Kulikuwa na picha tele. Sauti hakuna.

Alipomaliza eda akarudi dukani, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa Lambert, fundi magari wa Kikongo mwenye sauti nene ya tumboni.

"Mama, pole sana kwa mzee. Ile giaboksi ya Corolla iko?"

Alama zikashuka kama kawaida. Lakini safari hii kila moja ilikuja inasema, na iliyosema haikuwa sauti ya Lambert. Ilikuwa ya Naseeb, ile ya kufundishia, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, tena na mahadhi yake. Mdomo wa Lambert ulifunguka na kufungwa, na marehemu akauliza kama giaboksi ya Corolla iko. Mwatumu akashika kaunta. Akajibu kuwa iko, akapokea hela, akafunga duka saa nne asubuhi akaenda kukaa chooni.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Msoma habari wa redioni akawa Naseeb. Khatibu juu ya mimbari akawa Naseeb. Mwanamke wa spaza pale kona, anayeuza mkate na sabuni, akitaja bei, anaitaja kwa sauti ya Naseeb. Waliomwita "Bi Mwatumu" walimwita Muwatsumu. Waliopona walikuwa wachache: mbwa, mtoto mchanga wa jirani, na akina mama wawili wa Kizulu waliouza mahindi ya kuchoma kwenye stendi ya teksi, kwa sababu vidoko vya ndimi zao, ile milio ya kugonga ulimi, havikuwa na alama yoyote ya kuvivalisha. Akawa anakwenda kukaa karibu nao, anunue hindi asilolitaka, apumzishe masikio.

Tusiseme uongo, mwanzoni alifurahi. Mtu aliyezika kilicho chake, halafu akakisikia sokoni, atafurahi tu hata kama nywele zimemsimama. Siku nyingine alikuwa anawauliza wateja maswali ya bure, gari la mwaka gani, umelinunua wapi, watoto hawajambo, ili waseme zaidi. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Tatizo lilikuwa Saida.

Saida sasa alikuwa msichana mkubwa, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na yeye na mama yake ndio waliobaki ndani ya nyumba ile nyuma ya duka. Alikuwa akirudi jioni anasema, "Mama, nimechelewa, roboti zote zimezimika," na Mwatumu anamsikia mumewe akilalamika juu ya taa za barabarani. Akisema ana njaa, ni Naseeb mwenye njaa. Akilia, na msichana huyu alilia sana mwaka ule, mkwaruzo wa baba yake ulimlilia mama yake masikioni. Mama hawezi kumkumbatia binti anayelia kwa sauti ya mume. Alijaribu, mwili ukakataa. Akawa anafumba macho Saida anapoanza kusema, kisha akawa anaondoka chumbani, kisha akamwambia kwamba masikio yanamsumbua, afadhali waandikiane. Wakaandikiana. Nyumba ya vyumba viwili, mmoja jikoni mwingine sebuleni, wanatumiana ujumbe wa simu: chakula tayari, asante, chumvi iko wapi.

Siku moja Saida aliiweka simu chini akasema kwa mdomo. "Mama, ukinisikia unafumba macho. Kila siku. Eish, mimi nimekukosea nini? Ramadhani ikiisha nahamia kwa rafiki yangu Jeannine, Yeoville. Kule angalau mtu anavumilia kunisikia."

Mwatumu alimsikia Naseeb akimwambia kwamba Ramadhani ikiisha anahama. Hakuweza kumwambia mtoto hivyo. Aliyekuwa anamhama alikuwa mwanawe wa pekee, na jino lile lile lililouma ndilo alilokuwa hataki kung'oa.

Wiki hiyo hiyo akaingia dukani mwanamke wa Kikenya kutafuta kioo cha pembeni. Jina lake Fiona Apondi, anafundisha chuo kikuu, mtu wa miwani na mkoba mzito. Alimkuta Mwatumu anasoma gazeti lililofunga kioo chenyewe.

"Mama, kwani wewe unasoma hii?"

"Nasoma. Kuelewa ni jambo jingine."

Fiona akasahau kioo. Akasema kazi yake ni kuchunguza vile ubongo unasikia maneno, na yeye na wenzake walikuwa wakitafuta watu wanaosoma Kijapani na Jozi haina wengi, na je, Mama angeweza kuja asubuhi moja tu. Mwatumu akamuuliza kama mashine yao inaweza kumtoa mtu kitu masikioni. Fiona akasema haitoi, inaangalia tu. Akaenda hata hivyo. Mtu anayezama haulizi kamba imetoka duka gani.

Walimvalisha kofia ya nyaya. Fiona alifunga mlango na kuvuta pazia kwanza, ndipo akamwomba avue mtandio, na Mwatumu akampenda kwa hilo. Dawa ya ubaridi ikapakwa kichwani kama mafuta ya nazi yasiyo na harufu. Maneno yakaja kwenye visikilizio, mengine ya Kijapani, mengine ya Kiswahili, mengine si neno. Hakuonyeshwa maandishi yoyote. Yote yalisomwa na Naseeb, naye akakaa na kidole chake kinaandika pajani.

Baadaye Fiona alimletea chai, akaweka kiti karibu.

"Mtu akishajua kusoma, Mama, ubongo wake hausikii tena vile ulikuwa unasikia. Neno likiingia kwa sikio, ile sehemu inashughulika na maandishi inaamka, hata kama hakuna karatasi. Kwa wale wanasoma Kijapani tunashuku inaamka kwa njia mbili. Zile alama ndogo zinakata neno kwa mapigo. Zile kubwa zinaleta maana. Na wewe uko na Kiswahili, chenye kinakatika vizuri sana kwa mapigo. Kwako imeamka vibaya sana."

"Inatoka?"

"Kusoma? Haitoki. Ukiona neno, huwezi jizuia kulisoma."

Hapo ndipo Mwatumu, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote, akamwambia mgeni huyu sauti ilikuwa ya nani. Fiona akazungusha kikombe.

"Hiyo mashine yangu haioni," akasema. "Naweza kukuambia kitu kimoja tu. Hizo alama ulijifunza na sauti moja. Kuna mtu mwingine amewahi kukusomea?"

"Hakuna."

"Basi," alisema Fiona, akaacha hapo.

Huku nyuma wifi yake, Shufaa, dada wa marehemu, alikuwa ameshafanya uchunguzi wake bila kofia. Shufaa aliuza madera na ubani Fordsburg, na hakuna lililompita. Alikiona kile kidole. Alimuuliza Saida, Saida akasema Mama anaandika Kijapani hewani, na watu wakisema naye anafumba macho. Kwa Shufaa hilo lilitosha. Kwao Unguja mtu aliyeandika lugha ya wageni bila kalamu ana mgeni kichwani, na mgeni lazima aulizwe kabila lake na haja yake, apewe, aondoke. Wako pepo wa Kihabeshi, wako wa Kizungu wanaotaka sabuni ya kunukia. Huyu alikuwa wa Kijapani, amekuja ndani ya kontena na magiaboksi. Kilichoshangaza ni kwamba hakuja mapema.

"Wifi, kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwenye simu. "Jumapili asubuhi uje kwangu. Fundi Pandu anakuja."

"Mimi sitaki kupungwa, wifi."

"Mgonjwa haulizwi uji."

Mwatumu alikwenda, na alikwenda kwa sababu moja. Alijiambia kwamba ikiwa kweli ni mgeni, ataondoka, na Saida atarudishiwa sauti yake, na hatahama. Njia nzima kwenye teksi alijiambia hivyo, na njia nzima alijiuliza: na Naseeb je?

Pandu, mganga wa pepo, alikuwa Mpemba mwembamba, siku za kazi anashona suti Yeoville. Aliliangalia sinia aliloandaliwa mgeni. Ubani ulikuwepo, na marashi, na kipande cha halua. Katikati Shufaa alikuwa ameweka boksi la plastiki alilonunua kwa bei ya kuumiza kwenye duka kubwa, lenye mabonge ya wali baridi yaliyofunikwa samaki mbichi, na kijani cha plastiki kinachojifanya jani.

"Hiki ndicho wanachokula?" Pandu aliuliza.

"Ndicho. Nimeuliza."

"Basi anaweza kuondoka bila sisi kusema naye."

Saida alikuwepo pia, amekaa karibu na mlango na viatu vyake miguuni, anasubiri jambo hili lishindwe. Mwatumu akakalishwa kwenye mkeka, akafunikwa shuka jeupe, chetezo cha ubani kikaingizwa chini yake. Badala ya ngoma Pandu alipiga ndoo ya plastiki kwa vidole, taratibu, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ghorofa ya chini na hakutaka kelele. Moshi ukamjaa Mwatumu kifuani. Dunia yote ikawa nyeupe na haina mtu. Alama hazikuwa na mahali pengine pa kuangukia, zikamwangukia usoni.

"Mgeni, karibu," alisema Pandu. "Sisi hatukugombezi. Tuambie, wewe ni nani?"

Mwatumu alisikia ni nani aliyeuliza. Kwa muda wote ule sauti ile ilikuwa imemletea bei za mkate na mambo ya roboti na giaboksi, maneno ya watu wengine, hata siku moja haikumwambia yeye kitu. Sasa ilikuwa inamuuliza yeye, karibu na sikio, ndani ya weupe ule, kwa upole kama Naseeb alivyomuuliza zamani yeye alipokuwa na homa.

"Wewe ni nani? Na unataka nini?"

Akafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, Muwatsumu. Nataka usiondoke. Naseeb, usiende, nakuomba. Bado sijashiba."

"Kasema!" Shufaa alipiga kelele. "Jini kasema!"

Pandu aliacha ndoo. Akainua pembe ya shuka akamwangalia Mwatumu machoni kwa muda, kama anayeangalia mshono. Macho yalikuwa safi, yamejaa machozi, na hayakuwa ya mgeni yeyote.

"Hapa hakuna wa kutolewa," alisema. "Pepo humpanda mtu. Huyu hakupandwa. Huyu ndiye aliyempanda marehemu, na hataki kushuka." Akalikunja shuka. Shufaa akaketi chini polepole, maana marehemu alikuwa kaka yake, na jini la Kijapani lilikuwa rahisi kulibeba kuliko hilo.

Waligeuka wote kumtazama Saida. Alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

Walirudi Rosettenville kwa teksi. Saida akapita chumbani, akapita jikoni, akaenda hadi dukani, ambako siku hiyo palikuwa pamefungwa, akawasha taa akakaa juu ya injini. Mama yake akamfuata, akasimama upande wake wa kaunta kwa mazoea.

"Tangu lini unamsikia Baba watu wakisema?"

"Tangu nimetoka eda."

"Mtu gani akisema?"

"Kila mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe zaidi."

Mwatumu alingoja hasira, na hasira ilikuja, ila haikuja na alichokitegemea.

"Mimi nimeisahau," alisema Saida. "Sauti ya Baba. Nikijaribu kuikumbuka napata uso tu, mdomo unafunguka hakuna kitu kinatoka. Mwaka mzima najaribu. Nikadhani na wewe ni hivyo hivyo, ndiyo maana hutaki kusema na mimi. Kumbe unayo. Unayo kila siku, Mama, umekaa nayo peke yako unaila kama chakula cha wizi. Na mimi uliniambia masikio yanauma."

Yote hayo aliyasema Naseeb. Ilikuwa mara ya kwanza Naseeb kumgombeza tangu afe, na alikuwa na haki. Aibu ilimpanda Mwatumu. Angemgawia, lakini sauti haimegwi kama mkate, huwezi kumkatia mtu kipande chake. Ndipo macho yake yakaangukia boksi la vioo lililofunguliwa na magazeti yaliyojazwa ndani.

Akatoa gazeti moja. Akalinyoosha juu ya kaunta, akalifuta kwa kiganja, akachukua spana kwenye ndoano.

"Njoo," alisema. "Sauti yake siwezi kukupa. Naweza kukupa alivyokuwa anasema."

Akaonyesha alama kwa kidole na kugonga. A, i, u, e, o. Kwa mahadhi yale yale, kwa kituo kile kile katikati ambapo Naseeb alikuwa anavuta pumzi kwa ajili ya mgongo. Saida aliinua kichwa. Mguu wake ukaanza kupiga chini, kwani masikio yalikuwa yamesahau, lakini mwili uliokuwa ukilala chini ya kaunta ile haukusahau. Akacheka huku analia. Akaja akasimama kando ya mama yake akaweka kidole chake juu ya gazeti.

"A," alisema. "I. U. E. O."

Mstari wa kwanza ulikuja bado kwa sauti ya Naseeb. Wakarudia. Wakaingia wa pili. "Ka," alisema Saida, akiitafuta alama kwa macho mekundu, "ki," na Mwatumu akaganda. Ile "ki" ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo kwa machozi, na mwishoni ilipanda kama inauliza. Ilikuwa ya Saida. Sauti ya mwanawe mwenyewe, aliyemzaa Jozi hii hii, sauti ambayo hakuisikia tangu siku alipotoka eda. Furaha ilimpiga kifuani kwa nguvu. Na furaha ilipokuwa bado haijatulia akamtafuta Naseeb ndani ya "ki" na hakumkuta. Alama ilikuwa pale pale, na yeye hayumo.

Akakumbuka Fiona na kikombe chake. Kuna mtu mwingine amewahi kukusomea? Sasa alikuwepo. Kila alama atakayomfundisha mtoto huyu itapokea sauti ya mtoto, na yule wa zamani atatoka bila kuaga. Akiifundisha yote, Saida atakuwa Saida, Lambert atakuwa Lambert, na duniani hapatakuwa na mahali popote ambapo Naseeb anasema.

Angeweza kusimama hapo. Angesema kichwa kinauma, tuendelee kesho, na kesho haiji. Akamtazama binti yake, kidole kimeloa, kinangoja.

"Ku," alisema Mwatumu, akagonga.

"Ku."

"Ke."

"Ke."

Waliumaliza mstari ule. Wakamaliza na uliofuata, na mama alisikia mlango baada ya mlango ukifungwa, na mtoto wake akimkaribia kwa kila mmoja. Machozi yalimdondoka juu ya habari za kale za nchi asiyowahi kufika, na hakuyafuta. Wakafika mstari wa nne.

"Ta," alisema Mwatumu.

"Ta."

"Chi."

"Chi."

Kidole chake kikasita. Kikaruka. "Te."

Saida alisimamisha kidole. "Mama, kuna moja umeiacha. Baba alikuwa anagonga mara tano."

Mwatumu alikuwa ameshaweka kiganja juu ya gazeti, amekifunika kialama kile kidogo cha katikati ya jina alilopewa na Naseeb, na hakukiondoa.

"Hiyo bado," alisema.

Saida aliutazama mkono wa mama yake. Kisha akachukua spana, akagonga pigo moja tupu katikati ya mstari, akangoja kidogo, akasema, "Te."